Nyumba ya Kulala Wageni

Ukifika Mwanza kwa mara ya kwanza ukamuuliza mpita njia hoteli iko wapi, yamkini atakuelekeza mahali penye wali, ugali, sato wa kukaanga na birika la maji ya kunawa. Hatakuwa amekosea. Kwa wengi wetu wa kanda hii ya Ziwa Viktoria, hoteli ni mahali pa kula. Anayetafuta kitanda huuliza gesti. Na mtu wa rika langu, aliyezoea vibao vya zamani vya rangi ya mafuta, huuliza nyumba ya kulala wageni. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, neno hoteli huandikwa hata ubavuni mwa neno bucha, na asiyejua mambo aweza kudhani ng'ombe wamepangishiwa vyumba.

Maneno hayo manne, nyumba ya kulala wageni, yanaondoka. Kila nipitapo Kirumba, Mabatini au Nyakato naona kibao kingine kimepakwa upya, na palipokuwa na Kiswahili pamewekwa neno moja la Kiingereza. Mwenye nyumba ana haki ya kuiita nyumba yake apendavyo, wala sina ugomvi na rangi mpya. Hata hivyo, nimeifundisha lugha hii katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na naona kuna jambo litakalotuponyoka tukiyaacha maneno haya yaende zake kabla hatujayasikiliza vizuri.

Tuanze na sarufi, maana ndipo mabishano yalipoanzia darasani kwangu. Karibu kila mwaka alitokea mwanafunzi mwerevu aliyeinua mkono na kusema kwamba kibao kimekosewa. Nyumba hailali, alidai. Wageni ndio wanaolala, na nyumba huwalaza. Kwa hiyo iandikwe nyumba ya kulaza wageni. Hoja yake ilikuwa na nguvu, nami sikuidharau. Nilimwomba aniambie anasemaje kuhusu uwanja wa kutua ndege. Je, uwanja ndio unaotua? Na njia ya kupita watu, je, njia ndiyo inayopita? Hapo darasa lilicheka, kisha likaanza kufikiri. Kiswahili kinaruhusu mtenda akae nyuma ya kitenzi chake katika miundo ya namna hii. Kwanza linatajwa pahali, kisha jambo linalotendeka hapo, na mwisho anayelitenda. Nyumba, kulala, wageni. Ndivyo macho ya msafiri yanavyofika: anaiona nyumba kwanza, anawaza usingizi, kisha anajitambua kuwa yeye ndiye mgeni.

Kulaza ni jambo jingine. Anayelaza humfanya mwingine alale, kama mama amlazavyo mtoto kitandani. Aliyelazwa yumo mikononi mwa mtu. Ndiyo sababu Kiswahili kilipohitaji neno la mgonjwa anayebaki hospitali usiku, hakikukopa: kilichukua kitenzi cha nyumbani, kikakinyambua, kikasema amelazwa. Wageni hulala, wagonjwa hulazwa. Mzizi ni mmoja, na tofauti iko katika viambishi viwili tu: kimoja cha kusababisha, na kimoja cha kutendwa. Kutokana na mzizi huohuo tumepata malazi, neno linalobeba kitanda, shuka na paa kwa pamoja, tumepata malalo, na tumepata mlalahoi, yule anayefika kitandani akiwa hoi kwa kazi ya kutwa. Mlalahoi ndiye mgeni mkuu wa nyumba ninazozisimulia hapa. Watalii wana hoteli zao kando ya maji, Capri Point na kwingineko, nazo zina watu wa kuzisifia.

Sasa tuyatazame majirani waliokuja kwa meli. Kiswahili kimepokea kutoka Kiingereza maneno matatu ambayo kwetu hayajuani: hoteli, hosteli na hospitali. La kwanza ni la chakula, la pili ni la wanafunzi, la tatu ni la wagonjwa. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Yote matatu yanatokana na neno la Kilatini hospes, nalo lilikuwa na jambo la ajabu: lilimtaja mgeni, na lilimtaja pia mwenyeji anayempokea. Kwa Warumi mtu hawa wawili walishikana kiasi kwamba neno moja liliwatosha. Kutokana nalo ikapatikana nyumba ya kupokea wageni, na nyumba hiyo katika Ulaya ya zamani ilipokea msafiri, maskini, mzee na mgonjwa bila kuwagawa sana. Baadaye wakagawanywa, kila mmoja akajengewa mlango wake, na neno nalo likapasuka vipande vitatu.

Mji mmoja wa Uingereza unaonyesha mpasuko huo waziwazi. Sijawahi kulala huko. Sisi walimu wa Kiswahili miji ya vyuo vya Uingereza tuliifahamu kwanza kwenye majalada ya vitabu: kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilitolewa na Oxford University Press, na hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ina jina hilohilo kwenye jalada. Mji ninaoutaja hapa, hata hivyo, ni jirani na mshindani wa Oxford, yaani Cambridge. Mwaka 1209 wanazuoni walioikimbia Oxford kwa sababu ya fujo walifika hapo wakiwa wageni wasio na pa kulala, wakapanga vyumba katika nyumba za wenyeji. Punde si punde kodi zikawa ugomvi. Mwaka 1231 Mfalme Henry III aliamuru kodi za wanafunzi zipangwe na walimu wawili pamoja na raia wawili wa mji. Mzazi yeyote aliyemtafutia mwanawe chumba karibu na chuo kikuu ataielewa amri hiyo bila maelezo.

Askofu wa Ely, Hugh de Balsham, alijaribu kuwaweka wanafunzi wake pamoja na watawa wa hospitali ya Mtakatifu Yohana mjini humo. Hawakuelewana. Mwaka 1284 akawahamishia kwingine, na hicho ndicho kikawa chuo cha Peterhouse, cha kwanza miongoni mwa vyuo vya Cambridge. Hospitali ile nayo mwishowe ilifungwa, na mwaka 1511 mahali pake pakaanzishwa chuo cha St John's. Siku hizi, wanafunzi wanapokuwa likizo, vyuo vingi vya mji huo hukodisha vyumba vyao kwa wapita njia. Kwa hiyo mgeni wa leo aweza kulipia usiku mmoja katika chumba cha mwanafunzi, juu ya ardhi iliyokuwa ya hospitali. Maneno matatu yaliyopasuka yanarudiana chini ya paa moja, na huenda mwenye kulala hapo hana habari.

Nasi Mwanza tuna paa zetu za namna hiyo. Reli kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, na tangu hapo mji huu umekuwa wa watu wanaongoja: wanaongoja treni, wanaongoja meli ya Bukoba, wanaongoja meli ya Nansio iwarudishe Ukerewe. Mwaka 1971 ilifunguliwa hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, nayo ikawa hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya Ziwa. Nyegezi palikuwa na chuo cha mafunzo ya jamii tangu mwaka 1960. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mwaka 2003 chuo cha tiba kikaanzishwa palepale Bugando. Hivyo mji wa kungoja vyombo vya safari ukawa pia mji wa kungoja matokeo, ya daktari na ya mtihani.

Nyumba za kulala wageni zimeyapokea yote mawili. Msimu wa mahafali ukifika, vyumba vya Nyegezi na Mkuyuni hujaa wazazi waliotoka mbali, wamevaa suti zinazonuka sanduku, wamebeba mashada ya maua ya plastiki. Chini ya kilima cha Bugando msimu hauna mwezi maalumu. Huko hulala wauguzaji, yaani ndugu wa wagonjwa, wanaoamka kabla ya jua ili uji ufike wodini ungali moto.

Mwaka 2006 nilikuwa mmoja wao. Kaka yangu mkubwa alilazwa Bugando, nami nikapanga chumba katika nyumba ya vyumba tisa iliyokuwa chini ya kilima, shilingi 5,000 kwa usiku. Mama mwenye nyumba alikuwa Msukuma wa makamo. Sote tulimwita Mama, naye alituita kwa kazi zetu au kwa tulikotoka: Mwalimu, Baba Geita, Mama Musoma. Uani palikuwa na majiko mawili ya mkaa ambayo kila mgeni aliruhusiwa kuyatumia, na kwenye ukuta palikuwa na rafu ya chupa za chai, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake ili zisichanganyike. Kulipopambazuka alitoka nje na kutusalimu, "Mwangaluka," kisha akazitazama chupa. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Chupa ikichukuliwa, alijua mgonjwa bado anakunywa.

Alikuwa na kitabu cha wageni kama vilivyo vitabu vyote nilivyowahi kutia sahihi katika nyumba hizi: tarehe, jina, kabila, kazi, atokako, aendako. Katika safu ya mwisho wauguzaji wote tuliandika neno moja, Bugando, usiku baada ya usiku. Ukifungua ukurasa ungedhani ni msafara wa watu waliokubaliana kupanda mlima mmoja na hawafiki.

Usiku wa kumi na moja sikurudi gesti. Kaka yangu alifariki karibu na alfajiri. Nilishuka kilimani saa moja asubuhi, nikakuta redio ya baraza imezimwa na Baba Geita anafagia ua, kazi ambayo haikuwa yake. Habari ilikuwa imenitangulia. Niliketi, wakaniletea chai kutoka katika chupa ya mtu mwingine. Nilipofunga mzigo nikatoa fedha za siku mbili nilizokuwa nadaiwa. Mama akazihesabu, akanirudishia noti ya shilingi 5,000.

"Mama, hii ni ya jana," nikamwambia.

"Jana hukulala, Mwalimu," akajibu. "Mimi nauza kulala."

Nikabisha kwamba chumba kilikuwa changu, na mzigo wangu ulikuwemo ndani. Hakubishana nami zaidi. Alichukua kitabu, akanionyesha mahali pa kutia sahihi, na safu ya aendako nikaandika Ukerewe.

Nimelifikiria jibu lake kwa miaka mingi, kwanza kama ndugu wa marehemu, na baadaye, Mungu anisamehe, kama mwalimu wa sarufi. Mwanamke yule hakuwahi kukaa darasani kwangu, lakini alikisoma kibao chake barabara kuliko mimi. Hakuandika kwamba anapangisha vyumba. Kibao kiliahidi kulala, na mtenda wa kulala alikuwa mgeni. Usiku ambao mgeni hakulala, biashara haikufanyika. Angekuwa ameandika neno la kigeni lisilo na kitenzi ndani yake, sijui kama huruma yake ingepata hoja ya kusimamia. Huenda angenirudishia noti ileile kimyakimya, au angeona haya kufanya hivyo, nami ningeona haya kuipokea. Lugha ilitupatia sote wawili njia ya kupita bila kuvunjiana heshima.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya neno mgeni. Katika nyumba nyingi mpya nimesikia wahudumu wakiitana, "Mteja wa namba saba anataka maji." Mteja ni neno zuri, tena lenye asili nzito: wazee wa pwani walilitumia pia kwa mtu aliye chini ya mganga, anayeaguliwa na kuuguzwa. Lakini katika masikio ya leo mteja ni mtu wa fedha. Akilipa, deni limekwisha pande zote mbili. Mgeni hata akilipa bado ni mgeni. Anapaswa kusalimiwa asubuhi, na yeye anapaswa kuaga. Methali zetu zinamjua pande zote. Mgeni ni kuku mweupe, kila jicho humwona. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na ile iliyo kongwe kinywani mwa kila bibi: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali hiyo ya mwisho huelezwa kwa kitoweo. Mgeni akija kuku huchinjwa, na wenyeji waliokuwa wakila mboga za majani nao hupona njaa. Maelezo hayo ni sahihi, nami nimeyafundisha. Ila mtazame apone. Ni kitenzi cha hospitali kilichowekwa mlangoni mwa nyumba ya wageni, karne nyingi kabla hatujasikia Kilatini cha mtu. Mama yule, kwa kunirudishia noti, naamini naye alipata kitu. Wajane na wauguzaji walizidi kumletea wenzao, na nyumba yake ya vyumba tisa haikukosa watu kwa miaka yote niliyoendelea kupita pale.

Kanda hii ina ushahidi wa kale juu ya adabu hiyo. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, aliiandika kwa Kikerewe riwaya yake kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Wanaoisoma haraka hulalamika kwamba imejaa watu wanaotembeleana. Huo ndio mwili wa kitabu. Myombekere anawafuata wakwe waliomchukua mkewe, na hata katika ugomvi huo ugeni una taratibu zake: pa kuketi, cha kula, pa kulala. Kitereza alijua kwamba jamii hujulikana kwa namna inavyomlaza mtu asiyekuwa wake.

Sisemi kwamba nyumba zote za kulala wageni ni mahekalu. Zipo zenye kunguni, zipo zenye godoro lililochoka kuliko msafiri, zipo zinazokodishwa kwa saa kwa shughuli ambazo kitabu cha wageni hakizitaji. Jina gesti limechafuka kwa sababu hiyo, na nadhani ndiyo sababu moja ya wenye nyumba kukimbilia majina ya Kiingereza: wanataka kujitenga na aibu. Lugha imeziona hata zile zisizo na leseni, ikaziita gesti bubu, maana hazina kibao cha kusema kwa niaba yao. Neno hilo bubu hunithibitishia kwamba watu wanakichukulia kibao kuwa kinywa cha nyumba. Basi inafaa kujali kinasema nini.

Safari zenyewe zinabadilika. Mwezi Juni mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, urefu wa takriban kilomita tatu juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Aliyekuwa akingoja kivuko kutoka upande wa Sengerema na Geita sasa anavuka kwa dakika chache, na anaweza kumpelekea mgonjwa uji na kurudi kwake siku hiyohiyo. Namshukuru Mungu kwa hilo. Najua saa za kungoja kivuko zilivyokuwa. Maana yake pia ni kwamba baadhi ya watu waliolala pamoja nasi chini ya kilima hawatalala tena, na desturi za uani, majiko, vitambaa vya chupa, redio inayozimwa bila kuagizwa, zitapungukiwa na wa kuzirithi. Desturi ikikosa watu, hubaki katika maneno kwa muda, kisha maneno nayo hufuata.

Kwa hiyo nawageukia ninyi watunzi. Maneno nyumba ya kulala wageni yana mizani tisa, moja zaidi ya kipande cha mizani nane tulichozoea. Lakini ushairi wetu una ruhusa zake za kale. Ondoa kiunganishi, useme nyumba kulala wageni, na kipande kimekaa sawa, na kina cha ni ni miongoni mwa vina vyepesi kuliko vyote. Wa pwani wana dago, kambi ya wavuvi walio safarini; Unguja wana dahalia ya wanafunzi; sisi wa Ziwa tuna hili. Nimeshaona mashairi mengi juu ya mama, juu ya nchi, juu ya penzi. Shairi la muuguzaji aliyelala gesti kwa mwezi mzima akimngoja mtu wa wodini sijaliona bado. Mwenye kulitunga asikose kutaja chupa ya chai, na asisahau kwamba aliye kilimani amelazwa, aliye bondeni analala, na mara nyingi wote wawili wako macho.